Ngoja Ngoja na Waya wa Joto

Wanangu mnaoishi ndani ya magari, leo tuongee habari za maji. Najua mkiniona tu mnakunja nyuso: Mzee huyo, anakuja tena na hadithi zake za mabomba. Kunjeni. Oktoba mnakunja nyuso, Januari mnanipigia simu saa tisa usiku, na simu naipokea.

Nimeishi Minnesota muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa fundi wa kambi ya karavani, zile nyumba za magurudumu ambazo wenyeji huziita RV. Zamani wapangaji walikuwa wazee wa Kizungu waliostaafu na vijana wa ujenzi. Siku hizi nikipita asubuhi naamkiwa shikamoo kutoka madirishani. Wapo manesi wetu wa mikataba ya wiki 13, leo Duluth, kesho Fargo, waliopiga hesabu wakaona heri uvute nyumba yako kuliko kumtajirisha mwenye hoteli. Wapo madereva wa malori. Wapo waliopitia Williston, North Dakota, enzi zile mafuta yalipochangamka, watu wakawa wanalala kwenye karavani katikati ya theluji kwa kuwa nyumba hazikutosha. Wote ni wajanja, wote wanajua kushindana bei na muuzaji mpaka ajute kufungua duka. Na wengi wao, mwaka wa kwanza, hupasukiwa na bomba.

Siwalaumu. Mtu aliyekulia Tanga atayajulia wapi haya? Kwetu shida ya bomba ni kwamba halitoi maji. Huku shida inaanza pale maji yanapokuwa ndani.

Na bado jambo lenyewe mmelilamba utotoni. Mnazikumbuka barafu za mfuko, za ubuyu na za ukwaju, alizouza jirani mwenye friji? Mama yule hakuujaza mfuko hadi shingoni. Aliacha nafasi ndipo akapiga fundo, maana alijua maji yakiganda huvimba, na ukiyanyima nafasi yataitafuta yenyewe. Ongezeko lake ni kama asilimia 9 tu. Kwa kikombe cha chai hilo ni funda moja. Bomba la karavani lililofungwa huku na huku ni ule mfuko uliojazwa hadi shingoni, na funda hilo moja halina pa kwenda.

Wengi hudhani bomba hupasuka pale palipoganda. Mara nyingi sivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliolichunguza jambo hili miaka ya 1990 waliona kwamba barafu hufanya kazi ya kizibo: inakua, inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, msukumo unapanda, unapanda, mpaka mahali palipo dhaifu kuliko pote panaachia, na mahali hapo panaweza kuwa mbali na barafu yenyewe. Ndiyo maana mtu hunijia akaniapia kwamba bomba la jikoni lilikuwa na joto na bado ndilo lililopasuka. Haongopi. Barafu ilikuwa chini ya kitanda chake, karibu na pampu, na yeye alikuwa amelala juu yake amejifunika blanketi mbili.

Mabomba yenyewe siku hizi mengi ni ya peksi, ile plastiki nyekundu na ya bluu, na peksi ina uvumilivu. Huvimba kidogo ikarudi. Wasio na uvumilivu ni jamaa zake: elbo, tii, pampu, kikombe cha chujio, koki ya choo. Hao hupata ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo hauvuji maadamu barafu imeuziba. Unaamka, unaona pakavu, unamshukuru Mungu, unakwenda kazini. Saa sita mchana jua linapiga, barafu inayeyuka, pampu uliyoiacha inawaka inaona koki kama imefunguliwa, na inafanya kazi yake kwa uaminifu mpaka tangi linaisha. Ukirudi jioni unakuta zulia linaelea. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitawachosha.

Sasa tuje kwenye huo waya wa joto, ambao kila mtu ameuona kwenye simu yake na kila mtu anataka kununua.

Ni kitu kizuri, sikatai. Unalazwa kando ya bomba, unabanwa kwa tepu ya alumini, juu yake unavishwa lile sponji jeusi la mabomba, kisha unaungwa kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi na themostati. Baridi ikikaribia kugandisha, themostati inawasha. Bomba likipata joto la kutosha, inazima. Uzuri wa volti 12 ni kwamba hauombi umeme wa mtu. Unafanya kazi ukiwa barabarani, ukiwa umeegesha porini, na hata umeme wa mji mzima ukikatika. Waliokuwa Texas Februari 2021 wanalijua hili vizuri. Wenzetu wengi walihamia Dallas na Houston kuikimbia baridi, nayo baridi ikawafuata huko huko: tarehe 16 mwezi ule Dallas ilifika kama nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na kila waya wa joto uliotegemea soketi ya ukutani ukawa kamba tu.

Lakini sokoni ndipo mnapoanzia kuanguka. Unaona waya mrefu, bei ya kutupa, picha ya theluji juu ya boksi, unabonyeza kununua. Volti hujasoma. Unaletewa waya wa volti 120, unasema si neno, nitauunga kwenye betri, joto litapungua kidogo. Halipungui kidogo, mwanangu. Volti ukizigawa kwa kumi, joto linagawanyika kwa mia. Utakuwa umelivika bomba mapambo. Na anayefanya kinyume chake, akachomeka waya wa volti 12 kwenye soketi ya 120, huyo joto lake linazidishwa mara mia, na wazima moto watakuja kumsimulia yaliyobaki.

Halafu kuna nyaya za aina mbili, na muuzaji hatakuambia, maana yeye anataka uondoke. Aina ya kwanza ina joto lake lile lile, kuwe na baridi kusiwe na baridi. Huu haukatwi. Ukiufupisha kwa mkasi ili utoshee, umeme unapita kwa wingi zaidi na kipande kilichobaki kinaungua. Ukiupitisha juu yake wenyewe, pale palipokutana panayeyusha bomba ulilotaka kuliokoa. Aina ya pili hujirekebisha: kati ya nyaya zake mbili kuna plastiki iliyochanganywa na kaboni, ambayo ikipoa hujikunja, chembe za kaboni zikakaribiana na umeme ukapita kwa urahisi, ikipata joto hutanuka, chembe zikaachana, umeme ukapungua. Kwa hiyo kila sehemu ya waya hujitafutia kiasi chake, sehemu iliyo kwenye upepo hufanya kazi kwa nguvu na iliyo kabatini hupumzika. Huu unakatwa kwa kipimo kinachoruhusiwa na mtengenezaji, na ukipishana haujichomi. Bei yake ni juu. Ulipe. Nimeona watu wakiokoa dola ishirini Novemba na kumwaga mia kadhaa kabla ya Krismasi, na rahisi yao ikawa ghali kama kawaida.

Hapa kwenye betri naomba mkae vizuri.

Tuseme waya wako unakula wati 10 kwa kila mita, na wewe, kwa furaha ya kitu kipya, umevisha mita sita. Hizo ni wati 60. Kwa volti 12 ni ampea 5. Usiku wa Januari huku ni mrefu, kutoka giza mpaka jua kushika nguvu ni kama saa 14, na usiku wa baridi kali themostati haipumziki. Ampea 5 kwa saa 14 ni 70. Betri yako ya asidi imeandikwa 100, lakini ukitaka iishi usiitumie zaidi ya nusu, na baridi yenyewe imeshaipunguzia nguvu kabla hujaanza kuhesabu. Na si waya peke yake unaokula. Feni ya hita ya gesi nayo iko kwenye betri hiyo hiyo, taa ziko hapo, simu yako inachaji hapo, na pampu ya maji, ambayo ndiyo sababu ya mkutano wote huu, nayo iko hapo. Saa kumi alfajiri, wakati baridi inapokaribia kileleni, betri inazima. Waya unapoa. Hita inasimama. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwapate: betri ya asidi iliyojaa haigandi hata nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikapasuka kasha. Waya uliowekwa kulinda maji unakuwa umeigandisha betri, kisha maji nayo yanaganda. Hasara mbili kwa usiku mmoja. Nilipomweleza hivyo kijana mmoja wa Bukavu alicheka sana. Alicheka kwa sababu betri ilikuwa ya jirani.

Wenye betri za lithiamu msijikaushe. Zenu hutoa umeme kwenye baridi, ndiyo, lakini hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, na zile nzuri hukataa kabisa chaji mpaka zipate joto. Jua linawaka juu ya sola, betri imegoma, na wewe unaitukana sola.

Ndiyo maana huwa narudia, na wananichoka: waya ni wa kumalizia, si wa kuanzia. Anayeanzia na waya anataka kununua asichotaka kufanya. Kinachotakiwa kufanywa hakina bei. Siku ya jua mwezi wa Oktoba, chukua tochi, lala chali chini ya nyumba yako, kisha ingia ndani ufungue kila kijimlango chini ya kitanda na nyuma ya kabati, uyafuate maji kutoka tangini mpaka koki ya mwisho. Utakuta bomba linapita salama ndani ya joto, mita baada ya mita, halafu ghafla mita moja limejibanza ukutani au linakatiza karibu na tundu la kuingizia waya wa umeme, ambamo upepo unapita unavyotaka. Ziba tundu hilo kwa povu. Upepo haulifanyi bomba liwe baridi kuliko hewa yenyewe, lakini unalinyang'anya joto haraka sana, na tundu la ukubwa wa kidole linatosha. Pale pasipozibika, hapo ndipo pa waya. Mara nyingi utakuta ni mita mbili, si sita, na hesabu ya betri tuliyoipiga juu inashuka mpaka mtu unaweza kulala.

Sponji peke yake halileti joto, linachelewesha tu. Waya bila sponji unaipasha joto Minnesota nzima. Viende pamoja. Na kihisi cha themostati kifungwe mahali penye baridi kuliko pote kwenye njia hiyo. Mafundi wa haraka hukifunga pale mkono unapofika kirahisi, karibu na hita, nacho kinatoa ripoti ya hali ya hewa ya pwani. Nyaya za kutoka betrini ziwe nene, kwa sababu kwenye volti 12 kila volti ni mali: ukipoteza 1.2 njiani kwa uzi mwembamba, umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya joto. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na waya. Watu husikia volti chache wakadhani hakuna hatari. Kweli haikurushi, lakini ampea zikiwa nyingi na kiungo kikilegea, moto ni moto.

Kuna kosa jingine ambalo ni la watu wema, wabana matumizi. Karavani nyingi zilizotengenezwa kwa baridi zina bomba dogo la hewa linalopeleka sehemu ya joto la hita ya gesi chini, tumboni mwa gari, yalipo tangi na mabomba. Nesi mmoja, binti mchapakazi, aliona gesi inakwenda sana. Umeme wa kambi ulikuwa umeshalipiwa kwenye kodi, basi akanunua hita ndogo ya umeme, akaiweka katikati ya chumba. Chumba kikawa kitamu, mtu unaweza kukaa na kanga. Themostati ya hita ya gesi ikaona joto lipo, ikanyamaza. Juu Mombasa, chini Siberia. Asubuhi hakukuwa na tone. Alikuwa ameokoa gesi ya siku chache, na pampu, chujio na elbo zote za nyuma zikaenda. Sikumgombeza, aliyebana senti kwa ajili ya karo ya mdogo wake hagombezwi. Nilimwambia tu aiache hita ya gesi ifanye kazi usiku wa baridi kali, na ile ndogo iwe ya kusaidia.

Wengine huacha koki idondoke usiku kucha kwa sababu wamesikia wenye nyumba za kawaida wakifanya hivyo. Kwa nyumba iliyoungwa kwenye bomba la jiji ina maana, maji yanayotembea hupunguza ule msukumo wa nyuma ya kizibo. Kwenye karavani tone hilo linakwenda wapi? Kwenye tangi la maji machafu. Na kama koki ya tangi hilo umeiacha wazi, tone linashuka polepole kwenye bomba la kutolea, linaganda, la pili linaganda juu yake, mpaka asubuhi una mkongojo wa barafu ndani ya bomba. Ifunge. Tangi likijaa ndipo umwage, kwa mkupuo. Mpira wa maji nao vivyo hivyo: jaza tangi mchana, chomoa mpira, uukamue, uweke ndani.

Na nyinyi mnaosema haya yote ni kazi nyingi, mkaamua kukausha mabomba na kutia ile dawa ya pinki mpaka Aprili, mkinywa maji ya madumu na kuoga kwenye bafu la kambi, mna akili zaidi ya nilivyowadhania. Iwe ya pinki lakini, ya propileni glikoli. Ile ya kijani ya rejeta ni sumu, haigusi bomba la maji ya kunywa hata kidogo.

Neno moja silisemi kwa kucheka. Jiko la mkaa haliingii ndani ya karavani. Hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata kama ni la kuchomea mahindi tu na wageni wako njiani. Wala plate za gesi haziachwi zinawaka usiku ili zipashe chumba. Nyumbani mmesikia habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Nyumba zile walau zilikuwa na nyufa za kupitisha hewa, na karavani yenu mmeiziba kila tundu kwa povu kama nilivyowaambia. Kengele ya kaboni monoksidi ina betri yake. Msiitoe mkaitia kwenye rimoti ya televisheni. Nimeona.

Yakishaganda, maana yataganda, mtu akichoka husahau, usiyakimbilie na moto wa gesi. Karavani imejengwa kwa mbao nyembamba, povu na gundi. Itawaka kabla barafu haijayeyuka. Zima pampu kwanza. Fungua koki ili msukumo upate pa kutokea. Fungua milango ya makabati, washa hita, chukua kifaa cha kukaushia nywele, anzia karibu na koki ukirudi nyuma taratibu kuelekea barafu. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, weka redio. Maji yakianza kutoka, usishangilie. Funga koki zote, washa pampu, sikiliza. Ikinguruma sekunde chache ikanyamaza, umesalimika. Ikiendelea kunguruma na koki zote zimefungwa, kuna mahali inanyesha. Izime hapo hapo, chukua tochi uanze kutafuta unyevu, ukianzia kwenye elbo.

Kwa hiyo kwenye droo ya vijiko weka elbo mbili za ziada na tii moja, zile za kusukuma kwa mkono zisizohitaji mashine, na kipande cha peksi cha mkono mmoja. Mabomba, kwa sababu zao wenyewe, hupenda kupasuka Jumapili usiku maduka yakiwa yamefungwa, na elbo zangu za akiba nimeshawagawia waliowatangulia.